MAFUTA MABAYA HULA INJINI YA MELI



Chai, kahawa na katani tunazovuna huenda ng'ambo kwa meli. Chini kabisa ndani ya meli hizo wamo wafanyakazi wenzetu, mafundi wa chumba cha injini. Leo tunaeleza jambo moja linalowasumbua sana, nalo ni mafuta mabaya.

Injini kubwa ya meli si kama ya lori. Silinda moja yaweza kuwa na upana wa karibu mita moja, na injini huzunguka polepole, kama mara 100 tu kwa dakika. Chakula chake cha miaka mingi ni mafuta mazito, yaani masalio baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Ni lazima yapashwe moto ndipo yatiririke.

Uchafu watoka wapi? Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, viwanda vya kusafishia mafuta vilizidi kuyakamua masalio hayo kwa kutumia unga wenye alumini na silikoni. Chembe za unga huo hubaki katika mafuta. Hazionekani kwa macho, lakini ni ngumu kuliko chuma. Zikifika ndani ya silinda hunasa kwenye ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikasugua kama msasa. Injini iliyotazamiwa kudumu miaka huweza kuharibika kwa majuma machache.

Kipimo cha kimataifa, ISO 8217, huruhusu mafuta mazito kuuzwa yakiwa na hadi miligramu 60 za alumini na silikoni katika kila kilo. Watengenezaji wa injini hutaka zisizidi 15 hivi mafuta yanapoingia kwenye injini. Piga hesabu: meli ichomayo tani 50 kwa siku yaweza kupokea kilo 3 za uchafu huo kila siku. Nani auondoe? Ni baharia, kwa kumwaga maji na mashapo ya matangi, na kuendesha mashine za kuchuja katika joto la digrii 98.

Uchafu si huo tu. Mwaka 2022 huko Singapore, meli zipatazo 200 ziliuziwa mafuta yenye kemikali za klorini, na meli 80 hivi zikapata hitilafu za pampu na injini. Injini ikizima katika dhoruba, roho za watu zimo hatarini.

Sasa tutazame nani hulipa. Meli ikikodishwa kwa muda, kwa kawaida aliyekodi ndiye anunuaye mafuta. Injini ni ya mwenye meli. Jasho la kufungua pistoni usiku ni la baharia, na lawama humwangukia yeye kwanza: "Hukuchuja vizuri!"

Ngao yake ni ushahidi. Mkataba wa MARPOL unataka stakabadhi ya mafuta itunzwe miaka 3, na sampuli yenye sili itunzwe angalau miezi 12. Sampuli hiyo ni ya ukaguzi wa serikali. Kwa hiyo mafundi huchukua nyingine ya kupimwa maabara kabla mafuta hayajatumiwa, na huandika kila kazi ya kuchuja katika daftari.

Nasi wa viwandani na mashambani tushike desturi hiyo. Mashine ikiletewa mafuta machafu, andika tarehe, weka sampuli, mjulishe mwakilishi wa chama. Neno la mdomo hukanushwa. Chupa na daftari hazikanushiki.