Fahamu: Cannes, nani huchagua na nani huamua?

Katika tamasha la filamu la Cannes, waandaaji huchagua filamu zitakazoshindana; jopo la majaji huzitazama baadaye na kutoa tuzo. Mwaka 2023 mwongozaji Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi nchini Kongo, alivuka vizingiti vyote viwili: filamu yake Augure iliingia kitengo cha mashindano cha Un Certain Regard, ikapata Tuzo ya Sauti Mpya.

Je, ni filamu ya Kongo?

Wapo wanaokataa, kwa kuwa Ubelgiji ndiyo iliyoipeleka kuwania Oscar. Lakini uraia wa filamu hufuata fedha na makaratasi. Damu ya pua ya Koffi, mhusika mkuu, inapomdondokea mtoto mchanga, na ndugu wakashikwa na hofu ya uchawi, hapo tuko Kongo, na Kiswahili kinasikika. Na tukirudi kwa majaji wa Cannes: mwaka 2024 Baloji mwenyewe aliongoza jopo la Caméra d'Or, tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji, pamoja na mwigizaji Emmanuelle Béart.