Kadi ya Mtoto na Maneno ya Barazani

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ukisubiri mtoto apimwe uzito, maneno haya ya bima na afya ya watoto umeyasikia. Kama hukuyasikia kwa mama aliyekaa pembeni, umeyasikia kwenye daladala, au kwa shemeji ambaye hana mtoto hata mmoja lakini ana majibu yote. Tuyachambue moja moja.

"Chini ya miaka mitano ni bure, bima ya nini?"

Nusu kweli. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano gharama za matibabu katika vituo vya serikali, na chanjo za kliniki hazilipiwi. Hilo halina ubishi. Lakini msamaha unafuta bili tu, haujazi stoo ya dawa. Ukiambiwa dirishani "hii hatuna, kanunue nje", mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara hana habari na sera ya mtu. Tena msamaha unakoma mtoto anapotimiza miaka mitano, umri uleule anaoanza kupanda miembe na kuvunjika mikono.

"Kumkatia bima mtoto mzima ni kumwitia maradhi"

Si kweli. Watumishi wa umma wanakatwa mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) tangu mwaka 2001. Ingekuwa bima inaita maradhi, ofisi za serikali zingekuwa tupu na wodi zimejaa maofisa na watoto wao.

"Nimelipa mwaka mzima, mtoto hakuugua. Nimeliwa"

Si kweli, na hapa itabidi tukae kidogo, maana imani hii ndiyo iliyoligharimu taifa zaidi ya nyingine zote.

Hakuna anayekwenda kwenye chama chake cha kufa na kuzikana mwezi Desemba kudai arudishiwe hela kwa sababu nyumbani kwake hakufa mtu. Anajua fedha yake ilimzika mama wa jirani, na siku yake ikifika jirani atamzikia. Cha ajabu, mtu huyohuyo akilipia bima ya afya anaanza kupiga hesabu ya panadoli alizokula mwanawe.

Angalia yaliyoipata Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka na mtoto wake akatibiwa, hata kwenye hospitali kubwa. Bei ilikuwa ya huruma, na kujiunga kulikuwa kwa hiari. Wazazi wenye watoto wazima wakasema "tutakata baadaye". Wenye watoto wenye maradhi ya moyo, selimundu au saratani wakakata leo, na walikuwa na kila haki ya kufanya hivyo. Matokeo yake mfuko ukawa unalipa hospitali fedha nyingi kupita kiasi ulichokusanya, na Machi 2023 NHIF ikasimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja. Wazazi wakaelekezwa kuwaandikisha watoto kupitia shuleni au kwenye vifurushi vya familia.

Lawama nyingi zilikwenda kwa mfuko, na nyingine zilistahili, maana uamuzi ulikuja ghafla. Lakini na sisi tuliokuwa tukisema "wa kwangu haugui" tulikuwa na mkono wetu humo. Mfuko wa bima hauwezi kusimama kwa michango ya wagonjwa peke yao.

"Kulalamika hakusaidii, wakubwa wameshaamua"

Si kweli, au niseme haijathibitika hata kidogo. Kadi ilipositishwa, wazazi walisema redioni na magazetini, wabunge wakalisimamia suala hilo bungeni, na kabla ya miaka miwili kutimia NHIF ikatangaza kuirejesha kwa utaratibu mpya. Sisemi kelele peke yake ndiyo iliyoirudisha. Hesabu za mfuko nazo zilikuwa na kauli. Ila sijaona huduma iliyorudi yenyewe baada ya watu wote kunyamaza.

"Sheria ya bima kwa wote imepita, basi kila mtoto ana bima"

Si kweli. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na ndani yake umo mfuko wa kuwabeba wasio na uwezo, unaotarajiwa kupata fedha kutoka vyanzo kama kodi za vinywaji baridi, pombe na michezo ya kubahatisha. (Kwa hiyo kijana aliyeliwa mkeka Jumamosi huenda akawa amemchangia mtoto wa mwenzake. Ni faraja ya aina yake.) Lakini sheria haimwandikishi mtoto. Anayemwandikisha ni mzazi mwenye karatasi mkononi, na kwenye karatasi ndipo wengi wanapokwama. Lile tangazo la kizazi mlilopewa siku ya kutoka wodini limekunjwa mara nne, limo ndani ya pochi ya zamani, herufi zimeanza kufutika, na jina la baba limeandikwa tofauti na la kwenye kitambulisho chake. Wakala wa usajili wa vizazi na vifo, RITA, ilianza mwaka 2013 mkoani Mbeya mpango wa kuwapa watoto wa chini ya miaka mitano vyeti vya kuzaliwa bila malipo, kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, kisha ukasambaa mikoa mingine. Kipeleke kile kikaratasi kabla ya mtoto kuumwa.

"Degedege si ya hospitali, akichomwa sindano anakufa"

Si kweli kabisa, na hii ndiyo inayoua. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta watoto wengi wenye degedege wakipelekwa kwanza kwa mganga, hospitali baadaye. Mtoto anayekakamaa huku homa ikiwaka, macho yakageuka juu, anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani. Kila saa inayopita inamgharimu. Akifikishwa wodini siku ya pili, akachomwa sindano na kufariki, waliosimama pembeni wameiona sindano. Zile saa zilizopotea hakuna aliyeziona. Uvumi unazaliwa hapo.

Ushahidi unasema kinyume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa watoto zaidi ya 5,000 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba sindano ya artesunate ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano kulinganisha na kwinini. Bibi anayesema "hii si homa ya kulala nayo" yuko sahihi mia kwa mia. Kosa liko kwenye njia ya kushika baada ya hapo.

"Kinga ni bora kuliko tiba"

Kweli, na wazee wapewe heshima yao. Kule Kilombero na Ulanga, watafiti wa Ifakara walikuta vyandarua vyenye dawa vikiongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Kitaifa, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 112 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2004/05 hadi 43 katika ule wa 2022. Chanjo na vyandarua vina sehemu kubwa hapo.

Sasa tazama vifo vya wachanga wa chini ya mwezi mmoja: katika utafiti wa 2004/05 vilikuwa 32 kwa kila vizazi hai 1,000, na mwaka 2022 vilikuwa 24. Tangu 2010 vimeshuka kidogo mno, kwani vilikuwa 26. Kichanga aliyezaliwa kabla ya siku zake anahitaji joto, oksijeni, dawa na muuguzi aliye macho saa nane za usiku. Hivyo vyote vinagharimu, na chandarua hakiwezi kuvileta.

"Haya ni mambo ya wakubwa, vijana wakae pembeni"

Si kweli, tena kisheria. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki maamuzi yanayogusa ustawi wake. Akifikisha miaka 18 anaingia mkutano mkuu wa kijiji akiwa mjumbe kamili, hahitaji kualikwa na mtu.

Na kazi ipo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo, na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi inatakiwa kufuatilia matumizi yake. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayejua kujumlisha na kutoa, anaweza kuuliza zililetwa shilingi ngapi robo hii, zilinunua dawa gani, na kwa nini dirishani bado wanasema "kanunue nje". Si lazima awe daktari wala aende na mabango.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Muulize mtendaji wenu wa mwisho ulifanyika lini.