Kudahiliwa si kusajiliwa
Hapa Milimani huulizwa: Mchina aliyehitimu Kiswahili kule Beijing, kinakofundishwa tangu miaka ya 1960, mbona akwame akiomba kusomea uzamili Kenya? Tuanze na maneno. Kudahili ni kumkubali mwombaji baada ya kupima sifa zake. Kusajili huja baadaye, ni kuandikisha jina tu. Mchina hukwama kwenye udahili. Vyuo vyetu vingi hudai shahada ya daraja la pili la juu, ama la chini pamoja na tajriba. Shahada za China huwa na alama, hazina madaraja haya. Basi wadahili wazilinganishe alama hizo, kisha wampe insha aandike. Hapo watajua kama ataimudu tasnifu.