Ukiambiwa Mwanao Ana Hati ya Kukamatwa Dar es Salaam: Pa Kuuliza, na Fedha za Kutolipa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mzee mmoja wa Wete alitujia baada ya sala ya Alasiri, simu mkononi, akatuonesha picha ya karatasi aliyotumiwa. Mtu asiyemjua alimpigia akajitambulisha kuwa ni askari wa Dar es Salaam, akamwambia mwanawe ametolewa "waranti", na kwamba kwa shilingi laki nne jalada litafungwa kabla ya Ijumaa. Mzee alikuwa ameshatuma laki mbili. Alichotaka kwetu ni fatwa: laki mbili zilizobaki azitume, au ni rushwa?

Tulimuuliza kijana yuko wapi. Akasema yuko Keko, ni fundi seremala, na hata mwenzake wa chumba alipoulizwa wiki mbili nyuma alijibu hivyo hivyo: "Yuko Keko." Mzee akaridhika. Anayeijua Temeke ameshaelewa. Keko ni mahali pa mafundi wa fanicha, na wengi wetu tumewahi kupita pale kuuliza bei ya kitanda au kabati. Lakini Keko ndiko pia liliko gereza la mahabusu, na mtu wa Dar es Salaam akikwambia kwa sauti ya chini kuwa fulani yuko Keko, hazungumzii mbao. Tulipofuatilia tukakuta kijana yuko mahabusu, siku ya kumi na tisa. Hati ya kumkamata haikuwepo, na isingekuwa na kazi, kwani alikwisha kukamatwa.

Kwa kuwa hii si familia ya kwanza kutufikia na jambo la namna hii, tumeona tulieleze kwa urefu kidogo.

Karatasi ipi ni hati

Hati ya kukamatwa ni amri ya mahakama. Huandikwa, hutiwa saini na hakimu au jaji, hutaja jina la anayetafutwa na kosa analotuhumiwa, na hubaki na nguvu mpaka itekelezwe au mahakama yenyewe iifute. Haiishi kwa kukaa. Askari anayeitekeleza anatakiwa amweleze mtu yaliyomo, na akiombwa, amuoneshe.

Karatasi ya yule mzee ilikuwa na kichwa cha polisi na namba ya RB. RB ni namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha kituo mtu anapokwenda kulalamika. Inaonesha kuwa kuna lalamiko, basi. Anayesema "nimemkatia RB" hajapata amri ya hakimu. Wala wito wa mahakama, ambao wengi huuita samansi, si hati ya kukamatwa. Unamtaka mtu afike tarehe fulani. Ila akiupuuza, hapo ndipo hakimu anaweza kutoa hati. Hati nyingi za aina hii huzaliwa hivyo: mtu alikuwa nje kwa dhamana, kesi ikatajwa, yeye yuko Pemba kwenye harusi au karafuu, hakufika.

Jambo jengine ambalo familia hazilijui ni kwamba kwa makosa mengi polisi hawahitaji hati kabisa. Wakiwa na sababu za msingi za kumshuku mtu, sheria inawaruhusu kumkamata bila hiyo. Kwa hiyo kukosekana kwa hati si dalili kwamba kijana yuko salama, na mzee anayeng'ang'ania "hana waranti, basi hajakamatwa" anaweza kupoteza wiki tatu.

Inakaa wapi

Hakuna daftari la wazi la nchi nzima ambalo mwananchi hulifungua akaona nani ana hati. Ndugu zetu walioko Marekani huwaambia wazazi "tafuteni mtandaoni", kwa sababu huko kaunti nyingi, hata za mashamba, ofisi ya sherifu huweka orodha hadharani. Kwetu haiko hivyo. Tovuti ya TanzLII ina hukumu na maamuzi ya mahakama, na kusoma ni bure, lakini hukumu huja kesi ikiisha. Tovuti inayodai ada ikutafutie hati za Tanzania kwa jina, iache.

Hati inakaa ndani ya jalada la kesi, kwenye mahakama iliyoitoa, na nakala hupelekwa polisi kwa utekelezaji. Basi anayetafuta hati hutafuta kwanza vitu viwili: mahakama gani, na namba ya kesi. Na hapa watu wa visiwani tuna jambo la kukumbuka. Jeshi la Polisi ni moja kwa Muungano wote, lakini mahakama ni mbili, ya Bara na ya Zanzibar, kila moja na masjala zake. Kesi iliyofunguliwa Temeke hutaipata Mwanakwerekwe wala Chake Chake hata karani akupende vipi. Magereza nayo ni mbali mbali: huku tuna Vyuo vya Mafunzo, kule kuna Jeshi la Magereza.

Namna ya kuulizia

Anza pale mtu alipoonekana mwisho. Kwetu mtu wa kwanza ni sheha. Keko ni mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mara nyingi polisi wakija kumchukua mtu wao huwa na khabari. Kisha kituo cha polisi cha eneo hilo, na kile kikubwa cha wilaya. Kwa upande wa Keko ni Chang'ombe. Uliza kama yumo, kosa ni lipi, mpelelezi ni nani, na kama ameshapelekwa mahakamani, ni mahakama ipi. Aliyekamatwa bila hati, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, hutakiwa kupewa dhamana ya polisi, isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji. Dhamana hiyo hailipiwi.

Mahakamani nenda masjala. Kwa Temeke kuna Mahakama za Mwanzo na ipo Mahakama ya Wilaya. Kesi nyengine hupelekwa Kisutu. Karani akipata jina atakupa namba ya kesi na tarehe ya kutajwa. Kufungua jalada lenyewe ni jambo jengine. Huandikwa barua kwa Hakimu Mfawidhi, na karani ana haki ya kukataa kumuonesha asiyehusika. Hapo wakili hufanya kwa asubuhi moja yale ambayo baba wa watu angehangaikia wiki nzima.

Sasa, majina. Hapa ndipo tulipokwama na yule kijana wa Wete. Ndugu tuliyemtuma Temeke aliambiwa mara mbili kuwa jina halipo. Kwetu huandikwa Khamis, kule Hamisi. Suleiman huwa Selemani, Othman huwa Athumani, Ramadhan huwa Ramadhani. Na askari akiwa na haraka huandika majina mawili, au hata lakabu ya mtaani. Mwambie karani majina yote matatu, kwa maandishi ya huku na ya kule, pamoja na siku aliyokamatwa. Alipouliza kwa jina la kibara, likatokea ukurasa ule ule.

Gerezani uliza getini. Hapokelewi mahabusu bila karatasi ya mahakama, na karatasi hiyo ina namba ya kesi. Kwa hiyo anayempata ndugu yake Keko, Segerea au Ukonga amepata na njia ya kurudi mahakamani.

Hukmu ya zile laki mbili

Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuthibitisha khabari kabla ya kuchukua hatua, na asili katika fiqhi ni kwamba mtu hana dhima mpaka ithibiti. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13, nayo inakataza kumtendea mshitakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Ama kutoa rushwa, wanachuoni wengi wamemruhusu aliyedhulumiwa kutoa mali ili kuondoa dhulma pale asipokuwa na njia nyengine, na dhambi ikawa juu ya mpokeaji. Ruhusa hiyo ni nyembamba. Mwenye njia ya halali, tena ya bure, ya kwenda kuuliza masjala, haimhusu. Na kulipa ili jalada la kosa la kweli lipotee ni haramu bila ya khitilafu, maana kuna mwenye haki aliyeibiwa.

Malipo halali ya serikali hutolewa kontroli namba na risiti. Hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Ujumbe wa utapeli hutumwa 15040, na anayedai hongo kwa jina la kazi huripotiwa TAKUKURU kwa namba 113, au kwa ZAECA huku Zanzibar.

Ikiwa hati ipo kweli

Asikimbizwe wala asifichwe. Aende mwenyewe, akiwa na wakili akiweza, kwenye mahakama iliyoitoa. Hakimu anaweza kusikiliza sababu ya kutofika na kuifuta hati, na aliyekuja kwa miguu yake husikilizwa kwa sikio jengine kuliko aliyeletwa na pingu. Asiye na uwezo atafute msaada wa kisheria: Bara kuna sheria ya mwaka 2017 inayousimamia, Zanzibar ya mwaka 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwepo tangu 1992.

Tayarisheni mdhamini mapema. Mahakama ya Dar es Salaam hupenda mtu anayepatikana Dar es Salaam, mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa wake, na baba aliyeshuka boti asubuhi hiyo mara nyingi hatoshi. Mdhamini naye ajue anachokibeba. Mashafii wameijuzisha kafala ya mwili kwa haki za waja, na maana yake ni kuwa umejifunga kumhudhurisha mtu; akitoroka, mahakama itakudai wewe. Na kwa mauaji, uhaini au unyang'anyi wa kutumia silaha, Bara hakuna dhamana ya kuombwa.

Kijana wa Wete alishitakiwa kwa wizi wa mbao, kosa lenye dhamana, na dhamana ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza aliyosomewa mashitaka. Alikosa mtu wa kusimama tu. Mjomba wake anayeishi Mbagala alisimama siku kesi ilipotajwa, akatoka jioni ile. Kesi inaendelea. Mzee aliipigia tena ile namba ya "askari" kudai fedha zake, haipatikani.

Wallahu a'lam.