Do ya Chupa

Nyumbani kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hatukuwa na piano. Tulikuwa na chupa ya soda yenye maji hadi alama aliyoikwaruza kaka kwa msumari. Akiipuliza, hiyo ndiyo do. Dada zetu wawili walishika sauti ya kwanza na ya pili, mimi ya tatu, kaka ya nne. Solfa tulijifunza kanisani Uvira, Kongo, kabla ya kukimbia, na Haleluya ya Handel niliijua kwa do-re-mi kabla sijaona nota zenye mikia.

Watu husema ndugu hupatana sauti kwa sababu ya damu. Ni kweli, makoo na mataya hufanana. Lakini mimi nasema ni irabu. Sote tulifundishwa kusema na mama mmoja, hivyo "a" yetu ilifunguka kiasi kilekile, na irabu zikilingana, sauti nne husikika kama moja. Kwaya ya watu arobaini huitafuta "a" hiyo miezi mizima. Wasikilize akina Moipei wa Kenya, mapacha watatu na mdogo wao: wanatoka opera, wanaingia injili, wanarudi nyimbo za kwao, na bado unasikia nyumba moja.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza. Mwaka 1994 ikawa kambi ya watu 10,000 hivi, na sasa tumepita 50,000. Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda hupatana bei kwa Kiswahili, na kwaya ni hivyohivyo. Tulipotia sebene, mdundo wa kucheza wa Kikongo, mwishoni mwa Handel, mzee mmoja wa kanisa alinuna. Jumapili iliyofuata alipunga leso kuliko wote.

Kinachoua kwaya za kambini ni safari. Familia ikiitwa kuhamia ng'ambo, unaamka huna sauti ya pili. Kundi la ndugu huondoka zima, maana faili ni ya familia. Ila ukioa, unafunguliwa faili yako. Mimi nilioa, ndugu zangu wakaondoka.

Kuimba pamoja kwa simu tulijaribu, wao wakawa wanachelewa nusu pigo, kaka akakasirika. Sasa tunatumiana sauti moja moja, naziunganisha kwenye simu, na kwaya yetu ya kambini ikialikwa Lilongwe nawasikilizisha wenzangu ndani ya basi. Kaka ana piano huko aliko. Chupa aliniachia. Kila wimbo mpya naipuliza kwanza, namtumia do.