Boya katika Ziwa Kivu: Matunzo na Ukweli wa Vipimo

Katika Kiswahili cha pwani neno boya huleta picha ya chombo kinachoelea baharini kikimwonyesha nahodha njia au mwamba. Goma iko mbali na bahari, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo boya la kupimia lina kazi nzito huko kuliko katika bandari nyingi.

Maji ya Ziwa Kivu hayachanganyiki. Tabaka la juu, lenye kina cha mita 60 hivi, hupata oksijeni, na ndimo waishimo sambaza, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Chini yake, hadi kina cha mita 485, maji ni mazito kwa chumvi, nayo yameshikilia kilometa za ujazo zipatazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani. Tabaka hizo zikivurugika, gesi yaweza kufumka ghafla. Katika Ziwa Nyos, Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, kabonidayoksaidi iliyotoka majini iliua watu wapatao 1,700. Wenyeji wa Goma huifahamu gesi hiyo hata nchi kavu, itokapo ardhini na kutuama mabondeni. Huiita mazuku, neno ambalo wataalamu wa volkano duniani wamelichukua kama lilivyo na kulifasiri kuwa upepo mbaya, ingawa msikilizaji wa Kiswahili sanifu pengine atasikia ndani yake kitenzi kuzuka.

Boya hushikiliwa na kamba iliyotiwa nanga, na vipimajoto hufungwa kwenye kamba hiyo kwa vina mbalimbali. Karibu na uso wa maji, mwani huota juu ya vifaa. Kilindini, haidrojeni salfaidi hula metali, hasa shaba. Nyavu za wavuvi wa usiku nazo huweza kunasa kamba. Lakini kilichokatika huonekana mara moja. Kigumu ni kifaa kinachoendelea kufanya kazi huku kikikengeuka kidogo kidogo, kwa maana kosa lake hufanana na badiliko la ziwa lenyewe. Kwa hiyo fundi mwangalifu hakimbilii kusugua: kwanza hushusha kifaa safi kando ya kile kichafu, huandika tofauti, ndipo husafisha na kupima tena. Asipofanya hivyo, takwimu za miezi iliyopita hazisahihishiki.

Jambo hilo si dogo. Vipimo vya mwaka 2004 vilipolinganishwa na vya 1974, ilionekana kwamba methani imeongezeka kwa kadiri ya asilimia 15, na hofu ikaenea. Mwaka 2018 makundi kadhaa yalipima ziwa kwa mbinu tofauti. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2020, hayakuonyesha ongezeko la maana. Sehemu kubwa ya tofauti ile yaelekea ilitokana na upimaji.

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, magma ilipenya chini ya mji na chini ya ziwa, na tarehe 27 wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama. Swali likawa kama maji ya kilindini yametikisika. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kipimo cha siku moja. Huhitaji kumbukumbu za kabla, za mahali palepale, pamoja na daftari lionyeshalo ni lini kila kifaa kilisafishwa na kilikuwa kimekosea kwa kiasi gani.