Deki ya CD Yenye Valvu: Utamu Wake Unatoka Wapi?

Deki ya CD yenye valvu huuzwa kwa ahadi ya sauti tamu, na ahadi hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini anayetaka kuinunua, hasa mkazi wa Karatu au wa huko juu Ngorongoro, anastahili kujua utamu huo unatoka wapi. Akishaujua, ataona pia fedha yake ianze kwenda wapi.

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huhifadhi muziki kwa tarakimu. Kila sekunde ya wimbo hupimwa mara 44,100 kwa kila upande wa stirio, na kila kipimo huangukia ngazi mojawapo kati ya 65,536. Leza husoma vipimo hivyo, kisha saketi ya kugeuza tarakimu huvirudisha kuwa mawimbi ya umeme. Mawimbi hayo ni dhaifu, kwa hiyo hukuzwa kwanza ndipo yapelekwe kwenye amplifaya. Deki nyingi huifanya kazi hiyo ya mwisho kwa transista. Deki tunayoizungumzia huifanya kwa valvu, vile vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani. JD-100 ya kampuni ya Jolida ya Marekani, yenye valvu aina ya 12AX7, ni mfano mmoja wa deki zilizowafikia wapenzi wa muziki wasio na fedha za mitambo ya kifahari.

Ndani ya valvu, uzi wa moto huipasha katodi, katodi ikamwaga elektroni, nazo zikavutwa na bamba lenye umeme ambao mara nyingi huzidi volti 100. Katikati upo wavu. Mawimbi ya muziki hufika kwenye wavu huo na kuipanua au kuibana njia ya elektroni. Katika kupita huko, valvu huongeza chake: gitaa likitoa mtetemo wa mara 440 kwa sekunde, hujitokeza pia kivuli hafifu cha 880, yaani noti ileile oktava moja juu. Kwa kuwa kivuli hicho kinapatana na noti yenyewe, sikio hulisikia badiliko hilo kama unene na ulaini wa sauti. Kwenye vipimo vya fundi hiyo ni kasoro. Kwa msikilizaji ni ladha, na ana haki ya kuipenda.

Ladha hiyo hunufaisha zaidi muziki wetu wa zamani. Valvu si ngeni kwa muziki huo: mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mtindo wa kurekodi kwa maikrofoni na umeme ulikuwa na miaka michache tu, na uliwezekana kwa sababu ya valvu. Nyimbo za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970 zimejaa saksafoni, tarumbeta na magitaa yenye noti za juu, na baadhi ya CD za nyimbo hizo huchoma masikio. Hapo valvu hupunguza ukali, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe likapata mwili. Kwa Bongo Fleva yenye besi nzito faida ni ndogo, na mara nyingine besi hulegea.

Sasa tuje Karatu. Adui wa kwanza ni umeme unaopanda na kushuka. Uzi wa moto wa 12AX7 unahitaji volti 6.3. Umeme wa nyumbani ukishuka kutoka 230 hadi 180, na deki haina kidhibiti chake, uzi huo hupata chini ya volti 5; ukipanda hadi 260, hupata zaidi ya 7, na valvu huzeeka mapema. Stebilaiza nzuri ni sehemu ya bei ya deki. Anayetumia sola achague inveta inayotoa mawimbi laini, maana za bei ya chini huifanya transfoma ivume, na mvumo huo huweza kusikika kwenye spika.

Adui wa pili ni vumbi jekundu, ambalo huifunika lenzi ya leza hadi CD zianze kurukaruka. Funika deki ikiwa imezimwa na imepoa. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, baridi na ukungu huongeza tatizo jingine: chumba kilicholala baridi kikijaa mvuke wa jiko asubuhi, unyevu hutanda kwenye lenzi. Subiri ikauke. Huko hewa ni nyepesi pia na haipozi vizuri kama ya pwani, kwa hiyo deki iachiwe nafasi juu na pembeni. Usiifungue mwenyewe, kwani kapasita zake huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kabla ya kulipa, omba kuilinganisha na deki ya kawaida kwa CD unayoijua kwa moyo. Sawazisha sauti kwanza, kwa sababu baadhi ya deki za valvu hutoa umeme mwingi kuliko volti 2 za kawaida, na sikio huipendelea yenye sauti kubwa zaidi. Kisha mwenzako azibadilishe bila kukuambia. Ukiitambua yenye valvu na kuipenda kila mara, inunue. Usipoitambua, fedha hiyo itakufaa zaidi kwenye spika na stebilaiza.